Kikapu cha Kwenye Picha

Shangazi yangu Kulthumu hajawahi kutoa kikapu mkononi mwake kikiwa kitupu. Hata akimuuzia jirani wa ukuta kwa ukuta, ataangaza macho jikoni, atatia vitunguu au kipande cha boga, ndipo afunike. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyemfundisha hivyo, kule Nyarusange, alikokuwa akipelekwa kila likizo kubwa. Watoto wengine wa mtaa wetu wa Waislamu, hapa Gitega, walikuwa wakirudi kutoka kwa ndugu zao wa vilimani na maharage. Yeye, binti wa muuza vitenge, alirudi na sindano na vidole vilivyochubuka.

Anachosuka ni agaseke, kikapu cheupe cha mkonge chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho kwetu Burundi wanawake hukibeba kichwani siku ya mahari na siku ya harusi. Husuka kwa kukaza mpaka kikapu ukikigonga kinalia kama mlango. Kazi ikilegea anaifumua, hata kama imefika ukingoni, na haombi maoni ya mtu.

Zamani alikuwa akiuza sokoni. Tangu nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani, tunauza kwa simu. Mimi napiga picha, naandika maelezo, naziweka kwenye statusi na kwenye makundi ya WhatsApp. Napenda kuandika kuliko kuongea na wateja, naye anapenda kusuka kuliko yote hayo, kwa hiyo tunaelewana.

Picha yetu kuu ni ya kikapu kimoja tu, kile kinachokaa juu ya kabati la sebuleni, chenye mistari myeusi inayopanda kwa kuzunguka mpaka kwenye ncha ya kifuniko. Mteja akikipenda, shangazi anamsukia kama hicho. Chenyewe hakiuzwi. Mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura alikuja mpaka nyumbani akakiomba, akapandisha bei, akakaa, akanywa chai, akapandisha tena.

"Mzee," shangazi akamwambia, "we ungeuza uso yako?"

Mumewe, mjomba Hussein, ambaye ni fundi wa baiskeli, akadakia kutoka uani: "Kwa uso ile, nani atanunua?"

Mgeni alicheka, lakini aliondoka mikono mitupu.

Ndipo ikaja oda ya Muyinga. Mteja aliitwa Klara, mmoja wa wale waliokulia ukimbizini Tanzania wakarudi na familia zao kulima. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata nikawa nakagua changu kabla ya kumjibu. Alikuwa anamwoza mwanawe Eliud, na alitaka kikapu cha kubebea zawadi siku ya kupeleka mahari. "Nataka kama hicho cha kwenye picha," aliandika. "Kisipungue kitu."

Shangazi alikisuka, akakifumua nusu, akakisuka tena. Nilipokuwa nakifunga kwenye karatasi na boksi aliniambia ngoja, akaenda kwa jirani yetu Imelda, akarudi na maparachichi, yeye huyaita avoka, magumu kama mawe. Akayapanga ndani, akafunika. Tukapeleka mzigo kwenye basi.

Mwezi ule mafuta ya gari yalikuwa ya kutafuta. Basi lilifika Karuzi, katikati ya njia, likakwama, likakaa juani siku baada ya siku likisubiri mafuta, na boksi letu ndani yake.

Picha ya Klara iliingia Jumatano mchana. Sikuielewa mara moja. Sehemu ya chini ya kikapu, iliyotakiwa kuwa nyeupe, ilikuwa na doa la kahawia, la mafuta, limepenya mpaka nje. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti.

"Dada, mimi nimelipia kikapu kipya. Nimefungua mbele ya mawifi zangu, nakuta kikapu mlichokuwa mnawekea matunda jikoni kwenu, na matunda yenyewe yameoza! Mahari ni Jumamosi. Leo jua likizama sijapata jibu, picha hizi naziweka kwenye kundi, watu wote wa Muyinga wawajue."

Shangazi aliusikiliza amesimama. Kundi halikumtisha. Kilichomchoma kilikuwa lile neno jikoni. Aliniomba nirudie, nikarudia, akarudi kuketi kwenye mkeka wake.

Mimi nikafanya ninachokijua. Nikaandika jibu zuri, lenye pole nyingi: mzigo uliondoka kwetu ukiwa salama, kuchelewa kwa basi ni jambo lililo nje ya uwezo wetu, tunaomba uvumilivu wake. Nikamsomea.

"Umeandika vizuri," alisema. "Na avoka, iliingia yenyewe?"

"Lakini shangazi, basi ndilo lililochelewa."

"Basi ilichelewa, ndiyo. Basi haikutia avoka. Mi nilijua mafuta hakuna, we ulijua, hata kuku wa Imelda walijua. Nikatia kitu ya kuoza. Lete simu."

"Si umrudishie tu pesa yake iishe?" mjomba Hussein alisema.

"Jumamosi atabeba pesa kichwani?"

Nilimpigia Klara, nikaweka sauti ya juu, nikampa shangazi simu haraka kabla haijapokelewa.

"Mama Eliud, shalom. Ni Kulthumu wa Gitega, mwenye kikapu."

"Nakusikia."

"Kikapu ilikuwa mpya. Mi niliisuka kwa ajili yako. Avoka nilitia mi mwenyewe, kwa sababu kikapu ya harusi haiendi tupu. Nilitaka heshima, nikafanya uchafu. Kosa ni ya mi."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Dada," Klara alisema, sauti imeshuka, "nikueleze kitu. Mimi niliolewa kambini. Mahari yangu ililetwa kwenye ndoo ya plastiki, ya bluu, yenye mpasuko. Tulicheka siku ile, tungefanya nini? Lakini niliapa mwanangu hatapeleka zawadi kwenye ndoo. Sasa mimi hizo heshima za maparachichi zitanisaidia nini Jumamosi?"

"Ulinunua ile ya kwenye picha," shangazi alisema. "Utapata ile ya kwenye picha."

Mjomba Hussein aliacha kukaza tairi aliyokuwa nayo. Kusuka kikapu kingine ni kazi ya wiki kadhaa, na sote tulijua nyumbani kilikuwepo kimoja tu. Shangazi alipanda kwenye kigoda, akakiteremsha kutoka juu ya kabati, akakifuta vumbi kwa upande wa khanga yake.

"Kumbe uso inauzwa," mjomba alisema taratibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Haiuzwi," alijibu. "Iliuzwa kitambo. Kila mtu aliyeona picha alinunua hii."

Hakukubali kukikabidhi tena kwa dereva. Ijumaa tulipata basi lenye mafuta, tukaenda wenyewe, mimi na yeye, na kikapu akakipakata njia nzima kikiwa ndani ya shuka, akikataa kila aliyejitolea kumsaidia.

Nyumba ya Klara ilikuwa nje kidogo ya mji wa Muyinga, katikati ya migomba, uani pamejaa wanawake wanaopepeta mchele. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya kupima. Hakutukaribisha ndani kwanza. Alitoa simu, akafungua picha yetu, akaiweka kando ya kikapu, akaufuata mstari mweusi kwa kidole mpaka kwenye ncha. Shangazi alisimama tu, kidevu juu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusoma jina lake.

"Ndicho chenyewe," Klara alisema.

"Ndiyo yenyewe."

Mume wa Klara, Nazario, akasogea akakipokea. "Mbona kizito? Mama Eliud, kimbia, wameleta maparachichi mengine!"

Wanawake wakaangua kicheko. Klara alifunua kifuniko. Ndani kulikuwa na maharage makavu ya Nyarusange, mekundu, yamechaguliwa moja moja.

"Hii haivuji," shangazi alisema.

Hapo ndipo Klara alipocheka, akatushika mikono, tukaingizwa ndani, tukalishwa wali. Tulipoaga, shangazi aliomba kile chenye doa.

"Cha nini tena? Tutakitia mahindi."

"Ni kazi ya mi. Haibaki kwa watu hivyo."

Klara alikileta, kimesuguliwa ingawa doa halikutoka. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, akasita, akageuka nacho ndani. Aliporudi kilikuwa kimejaa karanga.

"Usidhani hatujui," alimwambia shangazi. "Sisi tulikulia Tanzania, hatukukulia msituni."

Jumamosi jioni picha ikaingia. Wanawake wamejipanga mstari kwenye njia ya vumbi, na aliyetangulia, kikapu chetu kichwani, mikono ameiachia kabisa, ni Klara. Shangazi aliitazama muda mrefu. Kisha akainuka, akakiweka kile chenye doa juu ya kabati, mahali palipokuwa wazi, na upande wa doa akaugeuzia mlangoni.

"Nuru, piga picha. Weka kwenye statusi."

"Hiki, shangazi? Doa linaonekana."

"Ndiyo ionekane. Nyuzi iko imara? Mistari iko sawa? Basi."

Nilikiweka. Wateja wanaendelea kuuliza mpaka leo, kwa nini muuza vikapu anatangaza kazi yake kwa kikapu kilichoharibika. Mwanzoni nilikuwa namuuliza niwajibu nini. Siku hizi simuulizi, maana jibu lake ni lilelile, naliandika bila kuinua kichwa:

"Doa ni letu. Mengine muulize Mama Eliud wa Muyinga."