Nilisema ni Umeme

Umeme ulirudi Jumamosi mchana, na hapa Kalemie umeme ukirudi hakuna anayekaa. Mke wangu alikimbilia pasi, mimi nikakimbilia kompyuta yetu, ambayo betri yake ilikufa zamani na haiwaki bila waya. Nilikuwa na flash yenye mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya BSD, ndugu wa Unix, niliokuwa nimeupakua kidogo kidogo kwa wiki tatu. Nilitaka kuachana na Windows. Kusema kweli nilitaka pia kuwaringia wenzangu wa ofisi ya bandarini.

Mfumo huo hauna mapambo. Unauliza maswali kwa maandishi, na kila swali lina jibu lililo tayari. Ukilikubali unabonyeza Enter. Kwa kuogopa umeme usije ukakatika, nilibonyeza tu bila kusoma. Swali moja lilitaka kujua kama mfumo uchukue diski nzima au sehemu yake. Jibu lililo tayari lilikuwa diski nzima.

Kwenye diski hiyo mke wangu alikuwa ameweka sauti ya marehemu mama yake. Bibi huyo alimwimbia, simu ikirekodi, nyimbo za Kiholoholo za kubembelezea watoto, na katikati akacheka na kuuliza kama simu inasikia kweli. Simu yenyewe ilishaanguka ziwani. Mke wangu alikuwa amewaahidi dada zake wa Kabimba kwamba watamsikia mama yao siku ya kuondoa matanga.

Mfumo ulipomaliza kujiweka, diski yote ilikuwa imefutwa, na sauti ile pamoja nayo.

"Papa, machine iko namna gani?" mke wangu akauliza kuhusu kompyuta, bado anapiga pasi.

"Courant imeichoma ndani," nikasema, nikiusingizia umeme.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, ila nilipokwisha kusema sikupata ujasiri wa kurudi nyuma. Baada ya siku mbili nikamwambia nimeifufua, lakini vyote vilivyokuwamo vimepotea. Alilia, kisha akanishukuru.

Siku ya kuondoa matanga alisimama mbele ya dada zake. "Courant njo ilituibia sauti ya mama," akawaambia. "Bwana yangu alipigana nayo siku mbili." Mama yake mkubwa akanishika mkono na kusema, "Asante, mukwe wetu. Ulijikaza." Nikaitikia vizuri, kama mtu mwema. Nimemdanganya mtu anayeniamini, na jambo hilo linanitafuna hadi leo.

Wiki iliyofuata mke wangu alirudi kutoka sokoni na stabilisateur, kile kisanduku cha kutuliza umeme. Alikifuta vumbi kwa kitenge chake, akakiweka mezani. "Sasa courant haitarudia tena," akasema.

Kompyuta inakwenda vizuri sana, haijakwama hata mara moja. Kila asubuhi kabla ya kutoka ananiuliza, "Papa, umeichomeka kwenye stabilisateur?" Nami namjibu kwamba nimeichomeka.