Ukuta Kati ya Jina na Joto

Baba yangu hakulala. Naanza na hilo kwa sababu msimu mzima watu wa kwetu, upande wa Moiben, walisema alilala, na hata leo nikimsikia mtu akilirudia damu inanichemka.

Baba ndiye aliyekuwa akikaa na mashine ya kukausha mahindi ya chama cha wakulima. Siku moja mahindi ya jirani yetu, mama tunayeketi naye benchi moja kanisani, yalitoka yameungua, punje nyeusi kama kahawa. Baba akasema aliweka joto la kawaida, na kioo cha mashine kilionyesha joto hilo hilo mpaka mwisho. Nani angemwamini? Mzee wa umri wake akiketi karibu na moto, watu wanajua atasinzia tu. Chama kikamwambia apumzike kwanza. Yule mama akaacha kumsalimia. Baba alikuwa mtu wa kusimama nje ya kanisa akipiga gumzo mpaka chakula kipoe nyumbani. Sasa ibada ikiisha alikuwa anatokea mlango wa nyuma. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kazi yangu mimi ni hizo kompyuta ndogo zinazoendesha mashine za aina hiyo. Ofisi yetu iko Eldoret mjini, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na harufu ya dip, dawa ya kuogeshea ng'ombe, unaizoea. Kompyuta ya mashine ya kukausha inatosha kwenye kiganja. Ndani yake kuna kerneli, ile programu ya chini kabisa inayozigawia programu zingine zamu na nafasi kwenye memori. Kuna programu ya joto, ya kioo, na ya kumtumia mkulima ujumbe kwa simu kwamba mahindi yake yameingia. Zote zilikuwa zinaishi chumba kimoja bila pazia. Yoyote ingeweza kuandika juu ya kitu cha mwenzake na hakuna wa kuiuliza. Kerneli ina uwezo wa kuweka kuta kati yao, lakini aliyeipanga mwanzo aliuacha umezimwa, kwa sababu kuta zinakula memori, na memori yenyewe ilikuwa ya kubanana.

Nikamwambia bosi nataka kuziwasha hizo kuta.

"Kwani mashine haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi na imechoma mahindi."

"Mahindi yalichomwa na mzee aliyelala."

Hakujua ni baba yangu. Nilimwambia pale pale, na sauti haikuwa ya mfanyakazi kwa bosi wake. Alianza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika mkononi. Halafu akasema sawa, nichukue kompyuta ya akiba niijaribu mezani, lakini ile ya Moiben nisiiguse.

Nikafungua faili ya mipangilio ya kerneli nikaanza kugeuza "hapana" kuwa "ndiyo". Inasikika rahisi. Nilipowasha ulinzi wa memori, kerneli ikagoma kujengwa: nafasi haitoshi. Kila programu ilitaka eneo lake, na maeneo yanakatwa kwa vipimo maalum, kwa hivyo hata inayohitaji kidogo inapewa kubwa. Nikapunguza hapa, nikabana pale, mwishowe nikaifuta picha ya hindi iliyokuwa ikitokea mashine ikiwashwa. Bosi alikuwa ameichora mwenyewe na aliipenda sana. Pole yake.

Kuta zikasimama. Nikaandika majina ya wakulima wa kubuni, nikatuma ujumbe, nikapandisha joto, nikashusha. Wapi, hakuna programu iliyogusa ukuta. Kesho yake hivyo hivyo. Bosi akapita nyuma yangu akasema, "Naona askari wako wamekosa mwizi," nikatamani kumrushia chaja. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kama mashine haina kosa, basi watu wa kanisani walikuwa na haki, na Baba angezeeka akitokea mlango wa nyuma.

Nikampigia simu. "Baba, nisimulie tena siku ile. Kila kitu ulichobonyeza."

"Nimesimulia mpaka nimechoka, mama."

"Tafadhali."

Akasema aliweka joto, halafu akaandika jina la mwenye mahindi, halafu akabonyeza kuanza.

"Uliandika jina gani?"

"Lake. Lote."

Chamani kuna akina mama wawili wenye majina yanayofanana. Kwa hivyo huyu wetu huandikwa majina yake yote matatu, halafu la mume, halafu "wa ng'ambo ya mto", ndiyo wasichanganywe. Majina yangu ya kubuni yote yalikuwa mafupi, ya mtu anayejaribu tu. Baba akanitajia polepole, nikaandika, nikabonyeza.

Programu ya ujumbe ikasimamishwa hapo hapo. Kerneli ikanionyesha kwenye skrini kwamba imejaribu kuandika mahali pasipo pake. Nikaangalia mahali hapo ni pa nani. Palikuwa pa joto. Jina lilikuwa limezidi nafasi liliyotengewa, na bila ukuta herufi za mwisho zilimwagikia namba ya joto, mashine ikazisoma kama amri ya kuongeza moto. Kioo hakingeweza kujua, maana kilikuwa na nakala yake ya ile namba aliyoweka Baba.

Nililia pale ofisini, kilio cha hasira na furaha pamoja. Bosi akatoka, akarudi na chai, akaniambia sasa nikairekebishe ile ya Moiben.

Kwenye mkutano wa chama niliwaambia ni kama uwanja wa kuanikia, pale unapoacha njia kati ya mahindi yako na ya jirani. Ile mashine haikuwa na njia, sasa inayo. Walielewa haraka kuliko bosi.

"Kwa hivyo ni jina langu lililochoma mahindi yangu?" yule mama akauliza kutoka nyuma. Hakuna aliyecheka. "Basi nipunguzieni. Niandikwe moja tu."

"Usipunguze hata moja, Mama," Baba akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Msichana wangu ameshaongeza nafasi."

Yule mama akamgeukia. "Mzee, mimi nilisema ulilala."

"Nilisikia."

"Nina mengine mabichi nyumbani, na mvua haijaisha. Nitayaleta ukiwa ni wewe unakaa na mashine."

Jumapili iliyofuata tulimngoja Baba atoke kanisani mpaka chakula kikapoa.