Kikopo Kilichojaa Mchana wa Mfungo

Shirika la figo la kimataifa lilifika Mbekenyera saa saba mchana, katikati ya Ramadhani, likatugawia maji ya kunywa. Chupa moja kila mtu. Binti aliyevaa fulana yenye figo mbili zinazocheka akatuhimiza tunywe palepale, tupate mkojo wa kupimwa. Tukamshukuru. Kila mtu akatia chupa yake kikapuni, ya kufuturia.

Mimi shida yangu ilikuwa mtoto. Mwanangu wa miaka sita alikuwa anaamka uso umevimba hadi macho hayafunguki, na mwenye duka la dawa alishanipa dawa ya minyoo mara mbili, kwa kujiamini kabisa.

"Dada, nipimie huyu," nikamwambia binti wa fulana.

"Mama, mradi ni wa watu wazima. Kuanzia miaka kumi na minane."

"Kwani kabla ya hapo hana figo?"

"Ndivyo fomu ilivyo, mama."

Haya. Nikaandikisha jina langu, nikachukua kikopo, nikaingia nacho chooni na mwanangu. Yeye hafungi, alikuwa ameshiba uji. Tuliporudi, meza nzima ilikuwa na vikopo vikavu, na karani wao anaandika "amekataa" mbele ya majina ya wazee waliotoka kuswali adhuhuri midomo imekauka. Kikopo changu kikapokewa kama mgeni rasmi.

Nesi akachovya kijikaratasi cha kupimia, kikageuka kijani, alama ya protini kuvuja kwenye mkojo. Akaniandikia barua ya rufaa. Wenzake wakanipiga picha.

Kesho yake nikapanda bodaboda na mwanangu hadi hospitali, Nachingwea. Daktari akasoma barua.

"Mgonjwa ni wewe?"

"Ni huyu."

"Barua inasema wewe."

"Barua inaangalia umri, daktari. Ugonjwa hauangalii."

Akambonyeza mtoto mguuni kwa kidole gumba, shimo likabaki. Hakuniuliza tena. Akampima upya, na dawa zikaanza siku ileile. Leo uvimbe umeshuka, anaruka kamba.

Ile picha wameibandika ukutani zahanati: mama kijana aliyeokolewa na uchunguzi wa mapema. Meno yote nje. Wao wanadhani nilikuwa nacheka, kumbe nilikuwa nimeuma meno nisilie.

Mwanangu tukipita pale lazima aulize. "Mama, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaumwa?"

"Ndiyo," namwambia. "Meza dawa yako."