Sanamu Chini ya Shuka

Baba aliniruhusu kwenda kwenye kambi ya wasanii Kisarawe kwa sharti moja. Siku ya maonyesho angekuja mwenyewe kutoka Kibaha, atazame, na akikuta upuuzi turudi wote wawili: Jumatatu nianze kuuza saruji na misumari kwenye duka la rafiki yake kwetu, mtaa wa Kwa Mathias. Baba ni mtumishi wa serikali. Akishasema, ameshagonga mhuri.

Tulikuwa wanne, wote chipukizi, yaani wote hatuna kazi. Kiongozi wetu, kaka mmoja kutoka Dar mwenye shanga nyingi kuliko mama yangu, alitaka tutengeneze sanamu moja kwa pamoja, tuionyeshe kwanza kambini, kisha tuipeleke kwenye tamasha Kibaha. Mimi nilitaka mwanamke aliyelala, wa pili alitaka samaki, wa tatu ndege, na wa nne alitaka haki. Tuligombana mpaka tukapata mwanamke wa udongo na mabati, mwenye mkia, urefu wa mtu mzima. Kichwa nilikitengeneza mimi.

Asubuhi ya maonyesho kiongozi akatoa maagizo. Tuvae nguo nyeusi. Tukae chini kwenye mikeka. Sanamu ilale katikati, imefunikwa shuka jeupe mpaka saa nne, na mtu asiongee, eti kimya kinaandaa macho. Turubai tulikodi kwa jirani, naye akalifunga uani kama anavyolifunga siku zote, akapanga na viti vya wazee pembeni.

Mpaka leo sielewi kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Misiba tumehudhuria tangu tukiwa tumebebwa mgongoni!

Akaingia mama wa kwanza, kanga kichwani, akavua viatu, akaketi, akanishika bega. Nikakumbuka amri ya kimya, nikainamisha kichwa. Basi, nikawa nimethibitisha. Wakaja wengine, huyu na kuni, yule na sufuria. Yule mwenzetu wa samaki, ambaye alikuwa bado analilia mapezi yake yaliyokatwa, akawaliza akina mama wawili. Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani. Ukishakaa msibani, kuuliza hivyo ni aibu.

Kiongozi akashindwa kujizuia, akavunja sheria yake mwenyewe. "Unaona?" akaninong'oneza. "Jamii imeitikia!"

Mzee mmoja wa kanzu akamwinamia. "Poleni sana, mwanangu. Vijana wameshaenda kuchimba. Tunazika baada ya adhuhuri?"

"Tunafunua saa nne, mzee," kiongozi akajibu kwa furaha.

"Mnafunua?"

Hapo ndipo baba alipofika. Alisimama ukingoni mwa turubai akatazama akina mama, kisha shuka. Mimi nilikuwa nimezibwa na mama mmoja mnene, hakuniona.

"Mwanangu," akasema.

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Nikataka kuinuka, mguu ukawa umekufa ganzi. Baba alikuwa ameshapiga magoti kwenye mkeka. Akavuta shuka.

Macho mawili ya vizibo vya soda yakamtazama.

Mtu akapiga yowe, sufuria ikapinduka, na nusu ya waombolezaji wakatoka mbio bila viatu.

"Baba," nikasema. "Shikamoo." Ndilo neno lililonijia.

Alinikamata mkono kama anamvusha mtoto barabara ya Morogoro, akalia mbele za watu, kisha akacheka huku bado analia. Nami nikalia. Niliona aibu, na sijawahi kufurahi kiasi kile.

Bibi mmoja akamgeukia kiongozi: "Mtu mzima na shanga zako, unachezea shuka jeupe?" Akamwosha kwa maneno mpaka akatakata. Kijana akatumwa haraka kuwazuia wachimbaji. Na kwa kuwa mchele ulikuwa umeshatiwa maji, ukapikwa, tukala.

Wazee wakaizunguka sanamu. Yule wa kanzu akamuuliza baba, "Na hiki ndiyo nini?"

Nikasubiri neno upuuzi.

"Kichwa katengeneza binti yangu," baba akasema, mkono wangu bado ameushika. "Huo mkia siujui."

Aliniachia mkono kituoni, gari lilipokuja. "Shingo ni fupi," akasema. "Irekebishe kabla hamjaileta Kibaha. Nitakuja na wenzangu wote wa ofisini."

Akapanda peke yake.