Namba Ndogo Zilizodondoka Njiani

Hesabu ilishanifelisha mara moja, na mama akaniambia waziwazi: safari hii ukifeli, chuo cha ualimu usahau, tunauza wote mitumba Ngaramtoni. Mama hana utani. Mimi mitumba napenda kuivaa, siyo kuiuza.

Kaka yangu alikuwa anasoma Ulaya, na mjini Arusha intaneti kafe ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa. Tukakubaliana: mimi namtumia maswali kwa barua pepe, yeye ananirudishia majibu na njia zake. Natoka nyumbani Sakina kwa mguu, naprinti mjini, halafu mbio Themi kwa rafiki yangu, naye pia anarudia mtihani wa hesabu.

Lo! Karatasi ya kwanza ilitutoa jasho. Kaka kaandika 3 x 104 = 30,000. Tukazidisha kwa mkono, tukapata 312. Tukarudia, 312 ile ile. Rafiki yangu akasema, "Shoga, hii imetoka kwenye kompyuta. Kompyuta haikosei. Labda Ulaya wana njia yao." Basi tukakariri, jamani, kama watoto wa kipaimara! Tatu mara mia na nne, elfu thelathini. Hata nikichambua mchicha naimba.

Mtihani ukakaribia, na woga ukanishika kwelikweli. Siku moja, tumekaa kibarazani kwa rafiki yangu, nikakuta kaka kaandika 52 = 25. Hasira zikanipanda.

"Huyu baridi imemchanganya! Hamsini na mbili itakuwaje ishirini na tano?"

Nikaitupa karatasi chini. Halafu nikaiangalia tena pale chini. Ishirini na tano si ni tano mara tano? Tano kipeo cha pili! Ile mbili ilitakiwa ikae juu, ndogo, begani kwa tano. Imeshuka, zimesimama mstari mmoja. Nikaiokota karatasi haraka. Na 104 je? Kumi, kipeo cha nne: elfu kumi. Mara tatu, elfu thelathini! Tulipiga kelele hadi mama wa rafiki yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Nilimwandikia kaka, nikamsema weee! Akajibu kwamba alikuwa anachapa majibu vizuri kwenye programu ya kuandikia, vipeo vyote juu, kisha anayahamishia kwenye barua pepe. Barua pepe ikawa inabeba tarakimu tu, haijali ipi ilikuwa imekaa wapi. Kuanzia hapo akawa anaweka alama ya kofia, 5^2, tujue namba inayofuata ni ya juu.

Kwenye mtihani vipeo vilikuwa juu, vimetulia. Nikacheka peke yangu, msimamizi akanikazia macho.

Matokeo yalipobandikwa nililia palepale ubaoni, kwa furaha, bila aibu. Nikaenda intaneti kafe, nikamwandikia kaka neno moja tu: nimefaulu. Hilo halikuwa na cha kudondoka njiani.