Okestra Dirishani, Ufukoni

Siku hizi mtu anagusa kioo cha simu na muziki unaanza hapo hapo, kwa hiyo ni vizuri nieleze kwanza jinsi mimi nilivyoyapata matamasha yangu ya okestra, usije ukadhani natia chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, pale Mtwara mjini, nilikuwa napakua muziki kwenye chumba cha intaneti kilichokuwa karibu na soko. Nilikuwa nimegundua tovuti iliyotoa bure matamasha yaliyorekodiwa ukumbini, watu wakiwepo. Kila simfoni ilikatwa katika mafaili. Kama hujawahi kuisikia simfoni, ichukulie kuwa hadithi ndefu isiyo na maneno, inayosimuliwa kwa pamoja na watu wengi wenye fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma. Kwa kawaida ina sehemu nne. Kati ya sehemu na sehemu wapigaji hunyamaza kidogo, na wasikilizaji hupata nafasi ya kukohoa.

Faili moja liliweza kuchukua asubuhi nzima kushuka. Nililiacha likishuka, nikaenda chuoni kufundisha hesabu, kisha nikarudi kuangalia. Mara nyingi dada mwenye chumba aliniwahi kabla sijavuka kizingiti.

"Pole, mwalimu. Lilifika robo tatu, umeme ukaondoka zake."

"Anza tena, dada."

"Nianze tena! Hao wapiga fidla wako wangepanda basi Dar, na mvua hizi, wangeshakwama Nangurukuru, wakachomolewa kwenye tope, wakafika." Huku analalamika, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kazi. "Halafu nimewasikiliza kidogo. Watu wote wale, hakuna hata mmoja anayefungua kinywa kuimba?"

Lilipokamilika, alinichomea kwenye diski, nami nikaenda nayo nyumbani, mtaa wa Ufukoni, kwenye kompyuta yangu kuukuu na spika mbili nilizonunua kwa mtu aliyekuwa anahama.

Niliishi pale peke yangu. Mke wangu alifariki Songea, tulikokuwa tukifanya kazi, akazikwa kwao Mbinga. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza okestra, tukiwa na redio yetu ya mawimbi mafupi iliyokwaruza kama mvua juu ya bati. "Usiusubiri muziki ukuambie kitu," alikuwa akisema. "Wewe ufuate tu." Baada ya mazishi kila mtu Songea aliniangalia kwa huruma hadi nikashindwa kupumua, nikaomba uhamisho wa kwenda mahali ambapo hakuna aliyemjua. Nikapewa Mtwara.

Nilipata nilichokiomba. Ila sikuwa nimejua kwamba ukifiwa na watu wasijue, mzigo unaongezeka. Hakuna anayeshusha sauti unapopita. Hakuna anayekuletea chakula. Ukikaa kimya, wanasema una maringo. Ndiyo maana nilipenda rekodi za ukumbini kuliko zile safi za studio. Unasikia kiti kikilia, karatasi ikigeuzwa, mtu akikohoa pale anapodhani hakuna anayemsikia. Kama nawe unakaa peke yako, zijaribu. Kwa saa nzima chumba chako kinakuwa na watu. Tatizo ni makofi ya mwisho yanaponyamaza. Chumba kinakuwa kitupu kuliko kilivyokuwa mwanzo.

Jirani yangu, mama mmoja aliyekaanga samaki wa kuuza, aliniuliza wiki ya kwanza kama nina mke. Nilimjibu, "Nipo peke yangu, mama," nikageuza mazungumzo yakawa ya korosho. Akanihesabu kapera, na tangu hapo hakuniacha nipumue, kila siku akinitania juu ya ukuta uliotenganisha nyua zetu.

"Mwalimu, kesho naenda Nanyamba. Nikuletee mke au nikuletee korosho?"

"Korosho, mama."

"Haya, utazeeka na korosho na hesabu zako."

Nilicheka naye, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Jumamosi moja alasiri nilirudi na sehemu ya pili ya simfoni niliyokuwa nikiihangaikia kwa muda mrefu. Ilikuwa sehemu ya taratibu, fidla kubwa zikitembea chini kwa chini kama mtu anayepita kwenye nyumba ambayo watu wamelala. Joto lilikuwa kali, nikafungua madirisha yote. Nikaipiga. Ilipoisha, nikairudia. Nikairudia tena.

Nikasikia hodi.

Mlangoni alisimama mama jirani, kanga imefunika kichwa. Nyuma yake walikuwepo wanawake wengine, mmoja na ungo wa unga wa muhogo, mwingine na mkeka kwapani. Mume wa jirani na wanaume wawili walikuwa wanateremsha benchi.

"Pole sana, mwalimu," alisema mama. "Ni nani aliyefariki?"

Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu sote, redio ya taifa inapoacha matangazo na kuanza kupiga muziki wa taratibu usio na maneno, maana yake mkubwa wa nchi amefariki. Majirani walisikia muziki wa aina hiyo ukitoka dirishani kwangu. Wakakimbilia redio zao, wakakuta tangazo la sabuni. Basi wakafikiri sawasawa kabisa: taifa ni zima, msiba uko kwa mwalimu.

"Hakuna, mama," nilisema. "Ni muziki tu. Wa kwenye kompyuta."

"Muziki tu?" mumewe alidakia. "Mimi nimeacha bao nikiwa nashinda!"

"Ulikuwa umeshaliwa," mwenzake akamjibu kutoka kwenye benchi.

Wakaangua kicheko. Mama jirani naye alicheka hadi akashika mlango. "Mtu mzima anajipigia muziki wa kilio mchana kweupe, tena anaurudia, na hakuna aliyekufa! Mwalimu, umerogwa. Haya jamani, twendeni."

Yule wa mkeka aliushika vizuri, akageuka. Wanaume wakainua benchi. Nikaona kwamba wakishatoka pale, nitabaki kuwa mwalimu wa ajabu mwenye muziki wa ajabu, na sitapata tena siku watu wakiwa mlangoni kwangu wameleta unga.

"Ni mke wangu," nikasema.

Mama akageuka. "Mke yupi? Wewe si huna mke?"

"Nilikuwa naye. Alifariki Songea kabla sijahamia hapa. Muziki huu ulikuwa wake."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Alinitazama. "Na mimi hapo ukutani kila siku nakutania wake wa Nanyamba, wewe unacheka." Akanipiga begani, na halikuwa pigo la utani. Kisha akawaambia wenzake, "Tandikeni."

Nilikwenda kuzima kompyuta, akanizuia. "Acha. Si umesema ni wake?"

Mumewe alivua viatu, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, dua za kwetu au za kwenu?"

"Zozote mlizo nazo, mzee."

Wakainua mikono. Baadaye wanawake waliwasha moto uani kwangu, mahali ambapo hapakuwahi kupikwa chakula cha watu zaidi ya mmoja. Mama jirani alileta samaki wake, akakaa karibu yangu akiwaparua magamba.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" aliuliza.

Kazi yangu ni kueleza. Nilifungua kinywa kama niliyesimama mbele ya ubao, nikajikuta namtazama samaki mkononi mwake. Mama aliendelea na kisu chake.

"Alikuwa hapendi samaki," nikasema.

"Hapendi samaki!" Kisu kikasimama. "Mtu gani huyo? Angekuja huku angekula nini?"

"Alikulia milimani, mama," nikasema. "Samaki wenyewe walimfikia wamekauka kama kuni. Usimlaumu."

"Namlaumu," alisema mama.

Nami nikasogea karibu na moto, nikaanza kumtetea.