Jiwe Lililomtoa Tate Mezani

Siku ya Yenga iliyopita, Jumapili ya ibada, tulipata pastere mpya. Kijana mzuri, koti limemkaa, sauti yake haihitaji mikro. Alisema kanisa letu limelala, turudi kwenye utume kama wazee wetu, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje nikijifanya natafuta mutoto. Usinicheke, rafiki yangu. Maneno hayo niliyasikia nikiwa na miaka tisa, na yalimwangukia tate.

Tate ni mama wa mama yangu. Tulikaa naye Mabanga, katika nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, yale yanayokula viatu hadi leo. Asubuhi niliamshwa na nyundo za majirani wakivunja mawe ya kujengea, kisha ikaja harufu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwenye mafuta ya mawese. Tulishuka ziwani pamoja kuchota maji, yeye bido ya lita ishirini mgongoni, mimi ya tano, na njia nzima alinifundisha nyimbo. "Mutu akiimba, muzigo unapungua," alisema. Uongo mtupu, maji yalikuwa mazito vilevile, lakini beti nilizishika.

Kanisani alikaa benchi ya pili, upande wa wamama. Siku ya Meza ya Bwana hakugusa hata chai asubuhi, ili mkate ule uwe wa kwanza mdomoni mwake. Alirudi nyumbani akitembea polepole, na siku hiyo hakugombana na mutu.

Ndipo akaja pastere wa wakati ule, na utume wake. Alisema nyumba chafu haipokei wageni, kwa hiyo kabla ya kuita watu wa nje tujisafishe wenyewe. Sisi watoto wa ekodimu, shule yetu ya siku ya Yenga, tuliulizwa na mwalimu: nyumbani mumeona nini? Atakayesema kweli ataingia korali ya utume na kuvaa gauni jeupe. Mwenzangu mmoja akasema baba yake anapiga mama yake. Mwalimu akamwambia akae. Mimi nikainua mkono nikasema, "Tate anamwagia jiwe kasiksi."

Ilikuwa kweli. Bwana yake alizikwa nyuma ya nyumba yao ya zamani. Halafu moto wa mlima ukashuka, ukafunika nyumba na kaburi, ukageuka jiwe. Tate alipajua mahali. Alikuwa akienda mara moja moja na kikombe cha ile pombe ya ndizi, maana muzee alikufa akiitamani. Alimwaga, akaketi, akamwambia habari za nyumbani, basi. Yote hayo niliyajua. Nilisema jiwe tu, kwa sababu nilitaka gauni.

Yenga iliyofuata pastere alihubiri juu ya watu wanaoabudu volkano. Hakutaja jina. Aliitazama benchi ya pili mpaka kanisa lote likageuka. Na wewe unaujua mji wetu, kila mutu amekimbia moto ule na godoro kichwani. Hakuna sifa mbaya kuliko hiyo. Jirani yetu, aliyekuwa akiomba chumvi kwetu kila siku, akasema sasa anaelewa kwa nini mlima unakasirika. Tate akapelekwa benchi ya nyuma, ya waliotengwa, bila Meza ya Bwana, hadi asimame mbele atubu kwamba ameabudu jiwe.

Alikataa. "Siwezi kutubu zambi ambayo sikufanya," alisema, akaketi huko nyuma kila Yenga, wima.

Gauni nilipata. Kila Posho, siku moja kabla ya Yenga, tate mwenyewe alilipiga pasi ya makala. Siku moja roho ilinisuta nikamwambia ni mimi niliyesema.

"Najua," alijibu. "Geuka nikufunge mukanda."

Nilitamani anipige. Hakunipiga, akanifunga vizuri, nikaenda Katindo kuimba mbele ya kambi ya askari. Pastere aliniweka mstari wa kwanza kwa kuwa nilijua beti zote. Watu waliokoka wengi, siwezi kudanganya, na kanisa likajaa hadi mlangoni.

Kisha tate akalala kitandani, hakuinuka tena. Aliomba kitu kimoja tu, ale Meza ya Bwana kabla ya kufa. Kila asubuhi alikataa uji, akisema labda ni leo. Mama aliogopa kwenda kuomba. Nikaenda mimi. Nilimweleza pastere kwamba jiwe lile ni kaburi la bwana yake, tate hana shida yoyote na mlima. Nikadhani nimemaliza kazi. Alinisikiliza vizuri, akaniwekea mkono kichwani.

"Aksanti, mutoto wangu. Kumbe ni wafu ndio anaabudu."

Akalitangaza hilo pia. Mama alinunua mkate dukani, akammegea tate kipande. Alikitafuna kidogo, akakitoa mdomoni. "Hii si ile," alisema. Akafa wiki hiyo, na njaa yake.

Yamepita yote. Nyumba ya mbao imekuwa ghorofa ya mutu mwingine, benchi zile zilipasuliwa kuni, pastere alihamishwa akisifiwa na kupewa mbuzi. Wamama waliokaa na tate benchi ya pili wamekufa pia, na nyimbo zao vijana hawazitaki. Nikiulizwa utoto wangu uliisha lini, siku naijua, ni ile tuliyomzika tate. Kutoka kanisani hakuja mutu kumzika, maana tulikuwa tumetangaziwa kwamba anayemlilia aliyetengwa anashiriki zambi yake. Mama alilia hadi akashikwa na majirani wawili. Mimi nilikaza meno, sikutoa chozi. Wenzangu wa ekodimu walikuwa wamesimama kando ya njia, wanaangalia nani analia, wapate cha kusema.